Wote wawili kwenye feri moja: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja Likoni

Kisa hiki naandika kwa ruhusa ya wenyewe, na nimegeuza mambo mawili matatu ili mtu asije akaanza kuhesabu majirani zake. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana hapa mtaani Likoni, Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, kazi yangu ni daftari na risiti, si mtaalamu wa chochote, lakini kisa kiliishia mezani kwangu na tangu hapo sijaacha kukifikiria.

Mke ni mwalimu wa chekechea, shule iko Majengo kisiwani. Mume ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Watoto watatu, mkubwa yuko gredi ya sita, mdogo hata shule hajaanza, na kwa nyumba wako na mamake bwana ambaye ndiye anabaki na yule mdogo. Kila asubuhi mke na mume watoka pamoja, wapanda bodaboda moja, wote wawili nyuma ya dereva, mkoba wa mwalimu katikati, mpaka feri. Wavuka pamoja, wakifika ng'ambo ndio waachana, yeye atafuta matatu ya Majengo na bwana ashika njia ya Kilindini. Jioni wangojeana pale pale kwenye kibanda cha kungojea feri, anayefika mwanzo anunua karanga. Ni watu wapendanao, mtaa mzima wawajua, na kuna wanawake huku watumia mfano wao kuwatesea mabwana zao.

Basi usiku mmoja baada ya isha, watoto wamelala, mke akamwambia, baba watoto mimi naona tuwe twavuka na feri tofauti.

Bwana akadhani amekosewa kitu. Akaanza kuuliza kwani nimefanya nini, nani amekwambia nini, huyo aliyekwambia aniletee hapa. Ilichukua muda mpaka aelewe kwamba hakuna ugomvi, bibi yake alikuwa ameketi amefikiria tu, feri ikizama na wote wamo, wale watoto watatu wabaki na nani. Na alivyoelewa ndipo akakasirika kwelikweli, afadhali ingekuwa ni fitina.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, hayo niliambiwa na yeye mwenyewe na hakuona haya, akasema uchuro huo mwanangu, uchuro huo, wawachuria wanao usiku huu na malaika wapita, nyamaza uombe istighfari. Mke akanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza, siku nyingi, chai yanywewa kimya.

Sasa kabla hujasema huyu mwalimu ana wasiwasi wa bure tuangalie alitoa wapi wazo lenyewe, maana hakuota. Ilikuwa ni fomu. Shuleni kwake mwanzo wa muhula yeye ndiye akusanya zile fomu za watoto, na kuna sehemu ya mzazi na chini yake sehemu ya mtu mwingine wa kupigiwa simu kukiwa na dharura. Kaona wazazi wengi wajaza tu, mama aandika baba, baba aandika mama. Akakumbuka fomu za wanawe mwenyewe. Kwa mkubwa kajaza yeye na nambari ya pili ni ya bwana, kwa wa kati kajaza bwana na nambari ya pili ni yake. Na saa moja asubuhi kila siku simu hizo mbili ziko kwenye feri moja, moja mkobani na nyingine mfukoni, hatua mbili baina yao. Shule ikipiga ya kwanza ikakosa, itapiga ya pili iliyoko mahali pale pale. Hilo ndilo lilomkosesha usingizi, na mimi naona ni fikra safi kabisa, wala si uoga.

Na sisi watu wa Likoni hatuwezi kusema hatujui. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko cha jirani yetu, ilipinduka mita 40 hivi kutoka ufukweni, ilikuwa imebeba watu kama 400 na uwezo wake ni 300, wakafa watu 272. Mita 40, mahali ambapo mtu aliye pwani aweza kumuita aliye majini kwa jina. Huku kwetu kuna nyumba ambazo hawakutoka na maiti mmoja, walitoka na wawili, watatu, mtu na nduguye, kwa sababu watu huenda kazini na wa kwao. Halafu tarehe 29 Septemba 2019, Jumapili jioni, gari likateleza kutoka nyuma ya feri hapa hapa kivuko cha Likoni, ndani yake mama na binti yake mdogo, likatolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58. Siku hizo zote mji mzima ulikuwa umesimama kandokando ya maji waangalia wapiga mbizi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na wewe pia ulikuwepo au uliangalia kwa simu, usinidanganye.

Ile mandhari ya 2019 ilifanya watu waongee sana, lakini sikiza waliongea nini. Waliongea feri ni mbovu, waliongea serikali, waliongea daraja litajengwa lini, waliongea mbona wapiga mbizi wachelewa. Yote ni maneno ya haki na mengine yafaa yasemwe mpaka leo. Lakini yote ni ya kuongelea wengine. Hakuna aliyerudi kwake siku hiyo akamuuliza mkewe, je sisi. Husemwa kivuko hiki chapitisha watu laki tatu kwa siku, maji yenyewe hayafiki hata kilomita moja kwa upana, na katika laki tatu hizo sijui ni nyumba ngapi ambazo baba na mama wako kwenye chombo kimoja. Hilo swali halina mwenyewe. Si la serikali, si la bandari, ni lako na mkeo, na ndio maana halisemwi.

Sasa nichambue aliyoyasema kila mmoja, maana kila mmoja alikuwa na hoja, hata kama alisema kwa ukali.

Mama mkwe hoja yake ni kwamba kinywa huumba. Ukitaja jambo umeliita. Na pia ni kwamba ajali ni kadari, aliyeandikiwa kufa majini hata akae Voi atakufa majini. Ukimsikiza waona ni mtu hataki kusikia habari ya kifo. Lakini hebu ngoja. Mama huyu huyu, chini ya kitanda chake kuna sanduku, na ndani ya sanduku kuna sanda yake, aliletewa kutoka Makka na kakake, imekunjwa na karafuu maiti na kipande cha udi, na kila mwaka kabla ya Ramadhani yeye huitoa akaianika. Wajukuu wajua. Amesema nani amuoshe na nani asimuoshe, kuna shoga yake amemkataza kabisa kwa sababu ya deni la zamani la kanga. Kwa hivyo usiniambie mama huyu aogopa kifo, amekitayarishia kuliko mimi na wewe. Kifo chake yeye ni kitu cha mpangilio, kinakuja kwa zamu yake, mkubwa mbele. Asichoweza kukitazama ni zamu kuvurugika, mwanawe kutangulia, na mkwe pamoja naye, na yeye kubaki na watoto watatu na magoti mabovu. Alivyosema uchuro alikuwa hakatazi habari ya kifo, alikuwa akataza swali la je mama utawaweza. Na jibu alikuwa nalo, hawezi, na hakutaka kulisema mbele ya mwanawe.

Hapa ndipo wengi wetu twakosea tukikutana na mtu akisema usituchurie. Twadhani ni ujinga au ushirikina tuanze kumsomesha. Mara nyingi mtu huyo ameshapiga hesabu zamani, kimoyomoyo, na amepata jibu lisilosemeka.

Kuhusu kadari hata sikujisumbua, maana mwalimu wa madrasa yetu alimjibu kwa lile analolijua kila mtu, yule mtu aliyemuuliza Mtume nimfunge ngamia au nimuache nitawakali, yani nimtegemee Mungu tu, akaambiwa mfunge kisha utawakali. Na kuna hadithi nyingine kuhusu wasia, kwamba haifai Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Siku mbili. Sisi twalala miaka ishirini.

Hoja ya bwana ilikuwa nzito zaidi na ilinifurahisha kwa sababu ni ya mtu wa hesabu. Alisema hivi: sawa, tukivuka feri moja, ikizama twaenda wote. Tukivuka feri mbili, kila siku tuko kwenye feri mbili badala ya moja, kwa hivyo uwezekano wa msiba kugonga nyumba hii umeuzidisha mara mbili. Wewe mwalimu wataka kupunguza hatari na umeiongeza.

Na hajakosea! Tuchukue nambari ya kubuni, ya kufanyia hesabu tu, tuseme katika safari laki moja, moja ndiyo yapata ajali mbaya. Wakiwa pamoja, hatari ya kupoteza wote wawili ni moja kwa laki moja. Wakitengana, hatari ya kupoteza mmoja wao ni kama mbili kwa laki moja, imepanda, bwana ana haki. Lakini hatari ya kupoteza wote siku moja yawa ni laki mara laki, moja kwa bilioni kumi, yani ni kama imetoweka. Ukijumlisha roho zenyewe, wanaotarajiwa kufa ni sawa tu kwa njia zote mbili, hujaokoa mtu. Ulichobadilisha ni jinsi vifo vinavyokuja, vyaja kimoja kimoja au vyaja vyote kwa mpigo.

Kwa hivyo swali si hatari ni kubwa au ndogo, swali ni nyumba yaweza kubeba nini. Nyumba yenye watoto watatu na mzazi mmoja ni nyumba ya huzuni na ya kubanabana, tunazo tele hapa mtaani na watoto wasoma na wakua. Nyumba yenye watoto watatu, bila mzazi, na bibi wa magoti, hiyo si ile ile mara mbili, hiyo ni kitu kingine. Watoto wagawanywa, mmoja Kisauni, mmoja Ukunda, mmoja sijui wapi. Mke alimjibu bwana kwa maneno machache kuliko yangu, alisema mimi niko tayari kulia mara mbili, siko tayari wao wakose mtu wa kulia naye. Bwana hakuwa na jibu, akasema tutaona.

Kuna kampuni kubwa duniani zina sheria kwamba mabosi wote wasipande ndege moja. Hawaoni ni uchuro, waona ni utaratibu. Sisi watu wa feri hatuna bodi ya kutupangia, na mtu mmoja akijipangia nyumbani kwake anaitwa mwenye kisirani.

Sasa kisa kikaja chamani. Mke alinijia mimi, akaniuliza swali ambalo kusema kweli halikuwa limepita kichwani mwa kiongozi yeyote wa chama. Akaniuliza, chama chetu kina wanachama sitini, kila mmoja atoa mia mbili kwa mwezi, akifa mtu twatoa elfu thelathini, sivyo. Nikamwambia ndivyo. Akauliza, na kwa sasa kuna ngapi. Nikafungua daftari, kulikuwa na laki moja na themanini na ushee. Akasema basi ni watu sita. Nikamuuliza sita nini. Akasema katibu, nusu ya chama hiki yavuka na feri ya saa kumi na mbili unusu.

Nilifunga daftari.

Chama kama chetu kimejengwa juu ya imani moja ambayo haijaandikwa popote kwenye katiba yetu, kwamba watu watakufa mmoja mmoja kwa ustaarabu, na baina ya mmoja na mwingine tutapata muda wa kuchanga. Kwa miaka yote imekuwa hivyo kwa hivyo twadhani ndivyo ilivyo. Lakini sisi ni watu wa mtaa mmoja, twatumia kivuko kimoja, maji mamoja, barabara moja, tukipatwa twapatwa pamoja. Siku ambayo chama kitahitajika zaidi kuliko siku zote ndiyo siku ambayo chama hakitakuwa na pesa, na mweka hazina pengine atakuwa majini na funguo. Hili halihusu feri tu. Ni kipindupindu, ni mafuriko, ni nyumba za Swahili zilizoungana kuta zikishika moto. Hatari ya mtu mmoja wajua kuigawa kwa sitini, hatari ya sitini kwa pamoja hakuna wa kugawana naye.

Kuiweka kwenye ajenda ilikuwa kazi. Niliandika ajali ya watu wengi, mwenyekiti akanipigia simu akasema katibu tafadhali, wazee watatoka. Nikaandika dharura, akasema bado. Mwisho iliingia chini ya mengineyo, kule ambako huwekwa viti vilivyopotea na nani hajarudisha sufuria la chama. Tulikaa barazani kwa madrasa baada ya alasiri, na wacha niwaambie, hoja ya maiti sita ilijadiliwa kwa utulivu mkubwa. Kilicholeta kelele ni pilau. Maana ukiangalia hesabu ya zile elfu thelathini, kuzika kwenyewe kwa Muislamu si ghali, sanda, mbao, mchimba kaburi, gari, na huzikwa siku hiyo hiyo. Pesa nyingi huliwa kwa hitima, ile dua na karamu ya baada ya mazishi, mchele na nyama. Nikapendekeza kwamba wakifa zaidi ya watatu kwa pamoja, chama kitoe ya kuzika tu, na ya hitima ilipwe polepole miezi inayofuata. Mzee mmoja akasimama akasema yani mimi nikifa na watu wanne, wageni wangu wale hewa? Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi, na baada ya kicheko hicho, sijui ni vipi, mjadala ukawa mwepesi na kipengele kikapita. Nilijifunza kitu hapo, kwamba huenda tulikuwa twahitaji kitu cha kugombania kilicho kidogo ili tuweze kukubaliana juu ya kile kikubwa.

Lakini kuna jambo moja lilitokea pale barazani ambalo ndilo kiini cha kisa kwangu mimi. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima na hana maneno mengi, alimgeukia mwalimu akamuuliza, na mwafikaje feri? Mwalimu akasema kwa boda. Boda ngapi? Moja. Wote wawili? Wote wawili. Na kofia? Hakuna.

Kimya.

Basi hebu tuhesabu. Kwenye feri zetu hizi, misiba miwili mikubwa ambayo kila mtu aikumbuka imepishana miaka 25. Barabara za Kenya zaua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na bodaboda wamo kwa wingi. Sheria yenyewe ya trafiki yasema piki ibebe abiria mmoja tu, na abiria avae kofia na koti la kung'aa. Watu hawa wawili walikuwa kila alfajiri wapanda pikipiki moja, bila kofia, kwenye ile barabara ya malori na matatu yakimbizana kuwahi feri, halafu wakifika ndio mke aanza kuogopa. Ile hatari ya kufa pamoja aliyoiona kwenye feri ilikuwa imeshawapita kila siku, kwenye pikipiki, kabla hata hawajanusa bahari.

Mbona hakuiona? Huyu si mjinga, ndiye mwenye akili kuliko sote. Ni kwa sababu feri ina historia, ina tarehe, ina picha, watu walisimama ufukweni. Boda yaua mmoja hapa mmoja pale, jioni maiti amezikwa, kesho kijana mwingine ameshika usukani wa pikipiki ile ile. Hakuna siku ya kukumbuka. Hofu yetu yafuata hadithi, haifuati hesabu. Kwa hivyo hata mtu jasiri wa kutaja lisilotajwa aweza kuwa anataja lile la pili na kuliacha la kwanza.

Na kuna kingine hapa, kinauma kidogo. Kubadilisha feri ni bure. Mtu wa miguu halipi, asubiri tu chombo kinachofuata, dakika chache. Kubadilisha boda ni pesa, pikipiki mbili ni nauli mara mbili, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na mshahara wa mwalimu wa chekechea na karani twaujua. Tulipofika hapo bwana ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini lakini nilimsikia, hilo sasa ni jambo la kufikiria. Mambo yasiyogharimu chochote twayafanya, yanayogharimu shilingi hamsini twayafikiria. Simlaumu. Lakini tusiite hiyo tawakali.

Tukaja kwa makaratasi. Hapa nitapita mbio maana kila nyumba ina yake, ila kulikuwa na mawili ya kutisha. La kwanza, fomu ya sacco ya bwana. Aliijaza akiwa kijana hajaoa, akaandika mamake, hajaigusa tangu hapo. Akifa yeye peke yake, pesa ya sacco yaenda kwa yule aliyeandikwa, na mke ataanza kusemezana na mama mkwe ndani ya eda. Kuibadilisha ni kwenda ofisini dakika kumi. Lakini kuibadilisha pia ni kumwambia mama nimekutoa, na hapo ndipo mguu wagoma. La pili ni nyumba. Nyumba yao ni kama nyumba nyingi za Mombasa, nyumba ni yao ardhi si yao, kodi ya ardhi hulipwa kwa ajenti wa mwenye kiwanja. Ajenti ni nani, ofisi iko wapi, risiti ziko wapi, ajuaye ni bwana peke yake. Mke amekaa nyumba hiyo miaka na hajawahi kumuona ajenti. Nilimuuliza bwana risiti ya mwisho iko wapi, akasema iko ofisini kwenye droo, imefungwa, ufunguo uko kwenye ule mshipi wa funguo ninaovaa. Kwa hivyo ufunguo nao wavuka feri kila asubuhi.

Na wasia pia watu wachanganya. Kwa Muislamu wasia si wa kugawa mali kwa warithi, mirathi imeshagawanywa, mke wa mume aliyeacha mtoto thumni, yani fungu moja kwa nane, wa kiume fungu la wawili wa kike, na ukibishana wenda kwa kadhi. Wasia mwisho wake thuluthi moja na haimuendei mrithi. Lakini kuna vitu fungu la mirathi halivijibu, nani namdai na nani anidai, na kubwa zaidi nani achukue watoto. Hilo la watoto mzazi aweza kuandika, Sheria ya Watoto ya 2022 yamruhusu kumteua mlezi. Deni ndogo ndogo za kwenye simu nazo ziandike, mtu akifa deni latangulia mirathi na wa nyuma hawajui hata nywila.

Mwishowe waliandika. Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa mwalimu, mzuri kama ubao wa darasa. Mama mkwe alikuwepo, na ndiye aliyetia jambo ambalo sote tulilisahau, akasema andikeni pia wasitenganishwe. Hakusema zaidi. Mwalimu akaandika, akapiga mstari chini.

Hali ilivyo leo ni hii. Asubuhi mke anatangulia, bwana avuka na inayofuata. Jioni wavuka pamoja, wasema wamechoka na karanga ni tamu kwa wawili, na mimi sikuwa na la kusema, japo maji ya jioni ni yale yale ya asubuhi. Boda bado ni moja wakati wa kurudi, ila kofia mbili zimenunuliwa, za mtumba, moja ni ya rangi ya waridi na bwana ndiye avaaye hiyo kwa sababu ndiyo kubwa. Fomu ya sacco bado ni jina la mama. Risiti za ajenti zimehamishwa, ziko kabatini, na mke ameshapelekwa kuonyeshwa ofisi.

Kilichobaki ni shangazi. Karatasi yasema watoto waende kwa dada yake bwana, Kisauni, ana nafasi na watoto wampenda. Karatasi iko kwenye faili langu, imetiwa sahihi na mashahidi wawili. Ila shangazi mwenyewe hajaambiwa. Bwana asema ataenda wiki ijayo, mke asema ni dada yako ni wewe uende, mama mkwe asema si jambo la simu. Nami nimewaambia wazi, mwezi ukiisha hamjaenda napanda matatu mimi mwenyewe na karatasi yangu, na atakayenuna anune, maana huwezi kumuandikia mtu watoto watatu akaja kujua msibani.